Oili ya Trekta na Sungura wa Senge

Miaka ile miwa ilifika mpaka dirishani. Nyumbani kwa senge yangu, karibu na Ekero, ukifungua dirisha la chumba nilichokuwa nalala, majani ya miwa yaliingia ndani na kukukwaruza mkono. Mume wake, ambaye sote tulimwita mzee, alikuwa ametia sahihi karatasi za kampuni, na trekta likaja kulima kila mahali: palipokuwa na mahindi, palipokuwa na viazi vitamu, hata kile kipande cha nyuma ya jiko ambapo senge alipanda mrenda na kunde. Majirani wote walifanya hivyo. Miwa ndiyo iliyoezeka mabati na kununua redio, na mtu aliyeacha nafasi ya kunde alionekana amelala wakati wenzake wameamka.

Senge ni dada ya baba. Aliniita "papa", yaani baba, kama shangazi wa kwetu wanavyowaita wana wa ndugu zao, kwa sababu sisi ni watu wa nyumba ya baba yake. Nilifika kwake nikitoka Mautuma, na kabla ya Mautuma nilikuwa Shieywe nikiuza katika duka la mtu, na kabla ya hapo nilikuwa mahali pengi ambapo sikukaa vya kutosha kupakumbuka. Shule niliiacha nikiwa darasa la sita. Haikuwa kwamba sipendi kujua. Nilipenda mno, ila kila juma nilitaka kujua kitu kingine. Nilisoma chochote kilichoandikwa: karatasi za kufungia sukari, maandishi ya mikebe, magazeti yaliyobandikwa ukutani kuzuia upepo. Nilisoma mwanzo, nikaona nimeelewa, nikaenda zangu.

Kazi niliyopata pale ilikuwa ya taniboi, msaidizi wa dereva wa trekta la kubeba miwa. Nilifunga minyororo, nikakaa juu ya matela, nikarudi jioni nikiwa mweusi kwa masizi ya miwa iliyochomwa.

Senge alikuwa na sungura wawili. Wa kiume alikuwa wa kijivu, wa kike alikuwa mweupe mwenye sikio moja jeusi. Walikaa kwenye kibanda cha mbao za masanduku na waya, kilichosimama kwa miguu minne kando ya jiko. Katika boma lile zima kibanda hicho ndicho kitu pekee ambacho mzee hakukitilia sahihi. Senge hakuwauza na hakuwachinja. Aliwakatia majani kando ya barabara, akawafungulia alasiri watembee uani huku amekaa kwenye kigoda akichambua mboga alizonunua sokoni, yeye aliyekuwa akizilima.

Wanawake waliopita kwenda mtoni walimchokoza.

"Mama, watoto wako wamekula?"

"Wamekula. Wako je?"

"Wangu hawana masikio ya kusikia."

Mzee naye hakuacha. "Mtu anafuganga nyama hapa mlangoni, halafu mimi ananiwekea mrenda," aliniambia siku moja, kwa sauti ambayo ilikusudiwa ifike jikoni.

"Kula miwa yako," senge akajibu kutoka ndani.

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Hawakuwa watu wabaya kwa wenzao. Ila kila mtu pale alijua kwamba ukimgusa senge kwa neno lolote ataligeuza akurudishie, na ukiwagusa wale sungura hatageuza kitu, atanyamaza tu.

Ugonjwa ulianza kwenye masikio ya yule wa kijivu. Ndani ya sikio palijaa kitu kama ukoko wa sufuria ya uji, wa rangi ya udongo, tabaka juu ya tabaka. Alitikisa kichwa na kujikuna kwa mguu wa nyuma mpaka damu ikatoka. Baada ya siku chache ukoko ulionekana puani na kwenye vidole. Kisha yule mweupe naye akaanza kutikisa kichwa.

Senge alikuwa na njia yake. Jioni alimfunga sungura ndani ya leso kuukuu, kichwa kikiwa nje, akampakata. Akachovya ncha ya kidole kwenye mafuta ya kupikia, akagusa ule ukoko polepole. Hakuubandua. Alisema ukiubandua unamwacha na kidonda. Kesho yake kipande kidogo kilidondoka chenyewe, akanionyesha kama mtu anayeonyesha jino la mtoto. Lakini mbele kipande kingine kilikuwa kimeota, na mikononi mwake, pale alipowashikia, vipele vidogo vilianza kumwasha.

"Senge, hii si dawa," nilimwambia. "Unawapikia tu."

"Basi niletee dawa, papa. Wewe unayesoma mikebe."

Alisema kwa mzaha. Mimi nililibeba neno hilo mpaka kazini.

Dereva wangu alikuwa mtu mnene aliyependa kutafuna muwa huku akiendesha, akitema makapi upande wangu. Tulikuwa tumesimama kwenye foleni ya matrekta, injini zimezimwa, madereva wamekaa kivulini chini ya matela. Nikawaeleza habari za ukoko.

"Huo ni upele wa mbwa," akasema dereva. "Wangu alikuwa amebaki ngozi tupu, kama kichwa cha mzee wa kanisa letu. Nikampaka oili chafu, ile inayotoka kwa injini. Nikatia na dawa ya kuogeshea ng'ombe kidogo. Wiki mbili, manyoya kama kondoo."

"Na nguruwe wa mama yangu," mwingine akadakia. "Vile vile. Tunapakanga kila mwaka."

"Na sungura?" nikauliza.

"Sungura ni nini? Si ni mbwa mwenye masikio marefu?"

Walicheka, nami nikacheka. "Hiyo dawa ya ng'ombe kidogo ni kiasi gani?" nikauliza tena.

"Kidogo ni kidogo. Wewe taniboi, maswali yako kama ya polisi."

Katika nchi ile ya matrekta oili chafu haikumwagwa. Ilipakwa kwenye nguzo za ua zisiliwe na mchwa, kwenye mbwa, kwenye nguruwe, na nimewahi kuona mtu akiipaka kwenye goti lake mwenyewe. Hakuna aliyeiona kuwa sumu. Ilikuwa kama mali ya bure iliyodondoka kutoka kwenye utajiri wa miwa. Jioni ile dereva alinijazia mkebe wa maziwa ya unga, nikarudi nao nyumbani.

Dawa ya ng'ombe ilikuwako. Mzee alikuwa na ng'ombe mmoja na alinunua chupa kwa ajili ya kupe, akaificha stoo nyuma ya majembe. Niliitoa nikaisoma. Palikuwa na picha ya fuvu na mifupa, na maandishi ya Kiingereza madogo mno. Nilitafuta namba. Nikaona kifuniko cha chupa kimechorwa na ndoo imechorwa, nikajua kinachopimwa ni kifuniko. Ile ndoo sikuitilia maanani kwa sababu sikuwa na haja ya ndoo, sungura ni wadogo. Nikamimina vifuniko viwili kwenye oili nikakoroga kwa kijiti.

Ilikuwa Jumamosi alasiri na senge alikuwa amekwenda kwenye mkutano wa wanawake wa kanisa. Nilianza na yule wa kijivu. Alitulia. Nilimpaka masikio, pua, vidole, na nilipoona mkebe bado una dawa nyingi nikampaka mgongo na tumbo, maana niliwaza kwamba dawa ikifaa sikioni itafaa zaidi mwili mzima. Yule mweupe alinikwaruza kifuani kwa miguu ya nyuma akaponyoka, nikaweza kumgusa sikio na shingo tu. Nikawarudisha wote wawili kibandani, na robo ya mkebe ikabaki.

Nilikaa kwenye kigoda kuwatazama, kwa sababu napenda kutazama. Wa kijivu alikaa kitako, akainua vidole vya mbele, akavilamba, akajipangusa uso. Akavilamba tena. Kisha akageuka akalamba ubavu, akalamba mguu, akaendelea hivyo bila haraka kama mtu anayekunja nguo. Yule mweupe akamsogelea akamlamba paji la uso. Niliona jambo zuri. Niliona wanasaidiana kuisambaza dawa. Nakumbuka nilitabasamu.

Senge aliporudi alisimama mbele ya kibanda.

"Ni nini hii nyeusi?"

"Dawa, senge."

"Umeitoa wapi?"

Hapa ndipo palipo na uovu wangu, maana lile la kwanza lilikuwa ujinga. Ningeweza kusema, nimeitoa kwa dereva. Lakini nilikuwa nataka sifa, na nilijua akisikia dereva atacheka. Nikasema, "Kwa daktari wa mifugo, kule Ekero. Nilipita kwake nikamweleza."

Uso wake ulibadilika. Alinishika bega. "Papa, ulikwenda kwa daktari kwa ajili ya sungura? Na hakukucheka?"

"Hakunicheka."

Jioni ile alinipikia ingokho, kuku aliyekuwa akimngojea mgeni mwingine. Nikala.

Asubuhi ya Jumapili aliniita kabla ya chai. Wa kijivu alikuwa amelala ubavu. Mate yalikuwa yanamtoka mdomoni na kulowesha kidevu chote, na ngozi ya mabega ilikuwa inacheza yenyewe kama maji yanapoanza kuchemka. Alijaribu kusimama, miguu ya nyuma ikakataa. Chini yake palikuwa na uchafu mwepesi. Senge alimtoa, akamweka juu ya leso, akaniangalia kama mtu anayemwangalia mganga.

"Daktari alisema itakuwa hivi?"

Nilikuwa nakumbuka ule ulimi, ukipita ubavuni, ukirudi. Nilijua wakati ule ule. Wala sikuhitaji kuambiwa na mtu. Kile nilichokipaka nje kilikuwa kimeingia ndani, kidogo kidogo, mchana na usiku, na yeye mwenyewe ndiye aliyejilisha.

"Hakusema," nikajibu.

Mzee alitoka akiwa na mswaki mdomoni. Alitazama, akaingia ndani, akarudi na kisu.

"Kabla hajakata roho," akasema. "Akifa mwenyewe si nyama tena. Mama, usikasirike. Ni kwa uzuri."

"Usile!" nikapiga kelele. Nilipiga kelele kwa nguvu kiasi kwamba jirani alichungulia.

"Wewe una nini?"

"Daktari alisema. Aliyepakwa dawa haliwi."

Nilimtumia tena yule daktari ambaye sikuwa nimemwona hata kisogo. Mzee alipuliza hewa puani, akarudisha kisu. Kama lile neno langu lisingemzuia, sijui ningefanya nini. Ningesema ukweli, najiambia. Lakini nilikuwa na nafasi ya kuusema na nikachagua uongo mwingine, kwa hiyo siwezi kuapa.

Wa kijivu alikufa kengele ya kanisa ikilia. Senge hakwenda kanisani. Alichimba mwenyewe shimo kwenye ukingo wa miwa, mahali ambapo trekta lilikuwa limeacha kona isiyolimwa. Nilitaka kumsaidia jembe, akakataa.

"Ni mimi," akasema akichimba. "Nilichelewa. Nilikaa na mafuta yangu ya kupikia wiki nzima kama mtoto, ugonjwa ukaingia ndani. Wewe ulikwenda kwa daktari ukiwa umechelewa tayari."

Nilisimama pale nikasikiliza. Alijilaumu kwa maneno ya kawaida tu, bila kulia, kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Kila alipoinua jembe nilifungua mdomo, na kila liliposhuka niliufunga.

Tuliporudi uani, yule mweupe alikuwa anatetemeka.

Si sana. Alikuwa amejikunyata kwenye kona, macho wazi, kidevu kimeanza kulowa. Majani aliyopewa asubuhi yalikuwa pale pale. Senge alimtoa, akamgeuza, akamtazama sikio na shingo.

"Huyu hakupakwa vizuri," akasema. "Tazama. Mgongo mzima hauna dawa. Ndiyo maana ugonjwa unampata." Akaniambia, "Mkebe uko wapi?"

Mkebe ulikuwa juu ya kibanda, mahali nilipouacha. Aliuona kabla sijajibu. Akamweka sungura magotini, akauvuta mkebe, akakunja mkono wa gauni, akachovya vidole vinne kwa pamoja ndani ya oili.

"Senge, usipake."

"Kwa nini?"

"Si ya daktari."

Vidole vilibaki juu ya mkebe, oili ikichuruzika. Nikasema yote. Nilisema dereva, nilisema mbwa, nilisema vifuniko viwili, nilisema chupa ya mzee yenye fuvu. Nilisema walivyojilamba na kwamba nilikaa nikatazama. Nilisema haraka, na sikumwangalia yeye, nilimwangalia sungura, ambaye wakati huo huo aligeuza kichwa akaanza kujilamba begani.

Senge alimwekea kiganja mdomoni kumzuia. Hakunipigia kelele. Aliosha ile mikono yake kwa sabuni mara mbili, akamfunga sungura kwenye leso kwa nguvu, kichwa nje, asiweze kujifikia.

"Leta mkebe," akasema. "Leta na ile chupa. Utamwambia mwenyewe huyo daktari uliyekwenda kwake."

Tulitembea kwa miguu mpaka Ekero. Ilikuwa karibu saa sita, barabara ina vumbi, na shamba moja lilikuwa limechomwa kwa ajili ya wakataji, masizi yanatushukia begani. Yeye alitangulia. Sijawahi kutembea nyuma ya mtu mwenye mwendo ule. Kila baada ya hatua chache aliinamisha sikio kwenye leso kusikiliza.

Mtu wa mifugo alikuwa Mwislamu wa makamo, mwembamba, mwenye kofia nyeupe. Tulimkuta barazani kwake anakula mchana. Pale Ekero hata sisi Wakristo tulikuwa na salamu zao mdomoni.

"Assalaam aleikum," senge akasema.

"Waaleikum salaam, mama. Karibu chakula. Umeniletea nyama?"

"Nimekuletea mgonjwa. Huyu atakueleza." Akanisukuma mbele.

Nilieleza. Nilipofika kwenye vifuniko viwili akauliza, "Kwa maji kiasi gani?"

"Hakukuwa na maji. Niliweka kwenye oili."

Aliinuka bila kumaliza tonge lililokuwa mkononi. Alichukua chupa, akaisoma yote, mpaka nyuma. Kisha akamshika sungura kichwa, akamvuta ukope wa jicho. Mboni ilikuwa imesinyaa ikawa kitone.

"Kifuniko kimoja, ndoo nzima ya maji, tena ni kwa ng'ombe," akasema. "Wewe umempa huyu, aliye mdogo kuliko kichwa cha ng'ombe, dawa bila maji. Na ndani ya mafuta, ambayo hayakauki. Saa ngapi?"

"Jana alasiri."

"Afadhali umesema. Ningempa dawa ya kuzuia kuhara akafa mikononi mwangu."

Alimdunga sindano. Akaagiza maji ya vuguvugu na sabuni ya kipande, akaniamuru nishike leso naye akaosha sikio na shingo peke yake, kwa pamba, akibadilisha pamba kila ikiwa nyeusi. Senge aliuliza kama si afadhali kumtia mwili wote kwenye karai.

"La, mama. Huyu ukimlowesha mwili mzima na ameshaogopa, moyo unasimama. Pale penye dawa tu, kisha mkaushe kabisa." Alizungumza akifanya kazi, wala hakunitazama. "Sungura na paka ni sawa kwa jambo hili. Mchana kutwa wanajilamba. Chochote unachompaka sungura, umemlisha. Kama hungempa kwa kijiko, usimpake. Na hawa hawatapiki. Mbwa atatapika, huyu hawezi. Kilichoingia kimeingia."

"Mwenzake alikuwa anamlamba," nikasema.

"Basi umewalisha wawili kwa mkebe mmoja. Ungewatenganisha, angalau huyu angelamba yake tu."

Baada ya muda mfupi alimdunga tena. Alisema miili ya sungura wengi huimaliza dawa ya sindano ile upesi, kwa hiyo mtu asidunge mara moja akaenda kulala. Akatuweka kwenye benchi. Senge alimpakata yule mweupe ndani ya taulo kavu. Mimi nilikaa mwisho wa benchi. Tulikaa hivyo, daktari akaenda kuswali alasiri, akarudi, akamtazama jicho, akatikisa kichwa kwa namna ambayo sikuweza kuisoma. Nilikuwa nimezoea kuondoka mahali jambo linapokuwa baya. Miguu yangu ilitaka barabara. Niliishika kwa mikono magotini.

Jua lilipoanza kulegea, kutetemeka kulipungua. Baadaye senge alimsogezea jani la kunde mdomoni. Pua ilicheza. Jani halikusogea kwa muda mrefu, kisha likaanza kuingia, kidogo kidogo, mpaka likabaki shina.

Senge alifunika uso kwa pembe ya leso. Hiyo ndiyo mara pekee siku ile.

Njiani kurudi aliniuliza swali moja. "Kama usingeniona nachovya kidole, ungesema?"

"Sijui, senge."

"Afadhali hujasema ndiyo," akasema, akainamisha tena sikio kwenye taulo.

Nyumbani tulimkuta mzee anakunywa chai. Senge aliniambia nimweleze na yeye, pale pale, na nikaeleza. Mzee alianza kucheka katikati ya habari, akafika mahali pa kisu, akaacha kucheka. Aliweka kikombe chini.

"Ningekuwa nimekula," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Na huyu mama ningempa paja."

Aliichukua ile chupa tuliyorudi nayo, akaenda kuifungia ndani ya sanduku lake, na ufunguo akautia mfukoni. Wiki nzima hakunitania.

Nilikuwa nimekwisha kunja nguo zangu. Senge alikuja mlangoni akaziona.

"Zirudishe. Huyu bado ana ukoko. Hutoki hapa mpaka apone, na utamwona kila siku."

Daktari alitupa marhamu ya salfa, ya manjano, inayonuka kama kiberiti. Masharti yake niliyashika yote, safari hii mpaka mwisho. Manyoya ya mahali pagonjwa yakatwe kwanza kwa mkasi. Ukoko ulainishwe kwa mafuta siku moja kabla, usibanduliwe: kwa hilo senge alikuwa sawa tangu mwanzo. Marhamu iwe ya ukubwa wa punje ya haragwe, mahali pamoja leo, pengine siku nyingine, isiingizwe kwa kijiti ndani ya sikio. Halafu apakatwe ndani ya leso mpaka marhamu inywewe na ngozi, na inayobaki juu ifutwe kabla hajaachiwa. Nyasi alizolalia zichomwe. Anayemshika aoshe mikono. Akiacha kula hata siku moja, au mavi yake yakipungua, aletwe siku hiyo hiyo.

Kazi ya kupaka aliifanya senge. Mimi nilichoma nyasi, nikasugua mbao za kibanda kwa maji ya moto, nikatafuta majani mbali na miwa iliyonyunyiziwa dawa. Kumgusa sikuruhusiwa. Kila jioni nilirudi kutoka kazini nikakaa kwenye ngazi ya jiko na kumtazama senge akiwa amekaa na lile furushi magotini, karibu saa nzima, bila kufanya kitu kingine. Sikujua kwamba kuna dawa ambayo sehemu yake kubwa ni kukaa. Dereva aliponiuliza habari za mbwa mwenye masikio marefu nilimweleza yaliyotokea. Akasema labda nilikosea kipimo. Nikamwambia hata mbwa wake hujilamba. Alitafuna muwa wake, na siku zilizofuata hakumwambia mtu mwingine ile habari ya oili, angalau nikiwapo.

Wiki saba nilikaa. Kabla ya hapo sikuwahi kukaa kwa mtu wiki saba nikijua kwamba hafurahi kuniona. Ukoko ulidondoka, ngozi ikabaki ya waridi kama kiganja cha mtoto, kisha manyoya mafupi yakaota. Vipele vya senge vilikauka pia. Daktari alipita na baiskeli yake, akaingiza kidole sikioni mwa sungura, akanusa kidole, akasema amepona.

Jioni hiyo senge alitaka kubadilisha waya wa kibanda. Alitazama huku na huku atamwachia nani sungura. Mzee hakuwapo. Akaniambia niende nikaoshe mikono kwa sabuni. Nilipomaliza akaishika, akainusa, akaniwekea sungura magotini.

Alikuwa mwepesi kuliko nilivyokumbuka. Alijibana akawa mgumu kama jiwe, na moyo wake ulipiga kwenye mkono wangu haraka mno, sikuweza kuhesabu. Sikumpapasa. Niliogopa hata kupumua.

"Hajakuzoea," senge akasema, akikata waya.

"Atanizoea?"

Alipinda waya, akaugonga kwa jiwe mpaka ukakaa.

"Sijui. Yule mwingine alikuwa amekuzoea."

Nilimshika mpaka kibanda kikawa tayari. Asubuhi yake nguo zangu, nilizozikunja tena usiku, zilikuwa kitandani. Senge hakuzitaja tena, hakuniambia niende wala nibaki. Nikatoka kwenda kumkatia sungura majani.